Kumsamehe na Kumwamini

Mfamasia akimdhuru mgonjwa, tumtendeje? Huko Uingereza, tangu mwaka 2010, Baraza Kuu la Wafamasia ndilo lipokealo mashtaka. Huchunguza kwanza, kosa likiwa zito, kamati humsikiliza mshtakiwa. Yaweza kumwonya, kumwekea masharti, kumsimamisha kazi hadi miezi 12, ama kulifuta jina lake daftarini. Aliyefutwa hawezi kuomba kurudi kabla ya miaka 5 kupita.

Wengine watasema: “Amekwisha kutubu, mwacheni!” Ndiyo, toba yake ni njema, na kamati nayo huiangalia. Lakini mgonjwa hana mizani ya kupimia dawa. Humeza kwa kuamini tu. Basi tumsamehe mkosaji leo, ila ufunguo wa kabati tumrudishie siku atakapoaminika.