Aliyetoka Kundini

Keti, mwanangu. Hiyo simu iache kidogo, haitakimbia.

Lile neno la Kiingereza unalolipenda siku hizi, egregious, mimi lilinitia aibu kabla hujazaliwa. Hutamkwa igrijas, mkazo kwenye "gri". Nililiokota ujanani katika kamusi kuukuu, nikasoma maana ya kwanza tu: mashuhuri, aliyewapita wenzake. Haraka yangu haikunifikisha kwenye ya pili. Mwalimu mkuu wetu alipostaafu nikapewa kazi ya kuandika risala ya kumuaga. Nikamwita hivyo mbele ya wageni, nikidhani nimempamba. Mzee wa watu akatabasamu. Mwalimu mwingine ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia nimemtangaza bosi wetu kuwa mwovu aliyekubuhu.

Kamusi haikunidanganya, mwanangu. Asili ya neno ni Kilatini, na ndani yake mna kundi la mifugo: ni yule aliyetoka nje ya kundi. Zamani lilikuwa sifa. Karne ya 16 Waingereza wakaanza kulisema kwa kejeli, kama tunavyomwambia "hongera" mtoto aliyevunja sahani, na kejeli ikazoeleka mpaka ikawa maana yenyewe. Kufikia 1755 Samuel Johnson alitia maana zote mbili katika kamusi yake, akasema ile ya ubaya ndiyo ya kawaida. Waitaliano hawakugeuka. Kwao egregio ni la heshima hadi leo, hutumika kufungulia barua rasmi. Ukienda huko usije ukagombana na mtu bure.

Kwa Kiingereza cha sasa, basi, ni la lawama. Hukaa na kosa, na uongo, na uvunjaji wa haki, na matumizi mabaya ya madaraka. Na mvua au wali ulioungua halikai vizuri. Wengi hudhani ni "mbaya sana" iliyovaa suti. Sivyo. Linasema kosa hili limejitokeza hata mbele ya makosa mengine, halina pa kujificha. Sisi tungesema limekithiri, tena waziwazi.

Hapo ndipo subira inapotakiwa. Huwezi kusema mbuzi ametoka kundini kama kundi lenyewe hujaliona. Wewe unasoma habari moja asubuhi, chai haijapoa, neno umeshaliandika. Juzi ulilitupia basi lililochelewa. Siku utakayoona mtoto amepigwa hadi kulazwa utaandika lilelile, na watu watalipita kama walivyolipita la basi. Hasira yako siilaumu. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama usingekasirika.

Sasa hii barua yako kwa mwenye nyumba. Neno hilo liko kila aya! Bomba linavuja: mwambie tangu lini. Rangi imebanduka: sema chumba gani. Lakini kuwakatia umeme usiku, mgonjwa yumo ndani, kwa kodi mliyokwisha kulipa, hapo liweke. Mara moja tu. Kisha ambatanisha risiti, na nakala ubaki nayo.