Chini ya Rangi

Ukuta uliopakwa rangi jana huwezi kuusoma. Uliofanyiwa kazi safi unang'aa, na uliolipuliwa nao unang'aa. Tofauti huja baadaye. Mvua za Aprili zikishika, rangi inavimba malengelenge, halafu inaanza kubanduka nyuma ya sofa, vipande vipande. Wakati huo fundi ashaenda, pesa zishaliwa, na mwenye nyumba anabaki akiuliza: nani amenidanganya?

Jibu la haraka tunalo sote. Ni fundi. Keti na watu watano popote Nairobi au Mombasa, kila mmoja atakupa kisa chake: huyu aliombwa pesa za kuanzia kazi na fundi akapotea, yule rangi yake iliongezwa maji hadi ikawa kama maziwa ya chai. Sivikatai visa hivyo. Ila naona swali lenyewe linahitaji jibu refu zaidi, na ndani ya jibu hilo mteja naye yumo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu tunailipia bila kuijua. Kwanza rangi mzee inakwanguliwa. Nyufa zinapanuliwa kidogo kabla ya kuzibwa, ili kile kinachozibia kishike. Kisha inakuja skimu, ule unga mweupe unaokorogwa kwa maji na kutandazwa ukutani hadi uwe laini kama sahani: tabaka la kwanza, likauke, la pili, likauke. Halafu msasa, na vumbi lake linaloingia machoni na kifuani. Baada ya hapo andakoti, ili ukuta usiinywe rangi yote. Ndipo ile rangi uliyoichagua kwenye simu inapakwa, mara mbili, na muda wa kukauka katikati. Nyumba ikiwa mpya, hata plasta inafaa iachwe kwanza, kawaida kama siku 28. Ukiifungia unyevu ndani, utatafuta njia ya kutoka, na ukitoka unabeba chumvi na rangi yako pamoja.

Sasa hesabu. Katika hatua zote hizo, ya kuonekana mwishoni ni moja tu.

Fundi akija kukagua, anapapasa ukuta kwa kiganja, anaugonga kwa kidole kusikia palipo tupu ndani, kisha anataja bei. Sisi tunajibu tulivyozoea: "Aah, boss, hiyo ni nyingi. Sema bei ya mwisho." Anashuka. Tunampigia wa pili, tunamtajia bei ya wa kwanza. Naye anashuka. Tunarudi kwa wa kwanza na bei ya wa pili. Mwishowe mmoja, pengine kwa sababu kodi yake imefika na hana kazi nyingine wiki hii, anasema, "Sawa basi, tutafanya."

Hiyo "sawa" ina maana gani? Bei imeshuka, lakini ukuta haujapungua hata inchi. Ndoo ya rangi dukani haijashuka bei kwa sababu wewe ni hodari wa kubembeleza. Kuna kitu lazima kipungue, na kitapungua pale ambapo macho yako hayafiki. Tabaka la pili la skimu litarukwa. Andakoti itageuzwa maji. Siku mbili za kukausha zitakuwa saa mbili. Na kama si ukuta, basi ni mtu: yule mkono, kijana anayebeba ndoo na kupiga msasa bila hata barakoa, atalipwa nusu ya alichoahidiwa. Punguzo ulilopewa sebuleni limetoka mfukoni mwake, na huenda hujui hata jina lake.

Kuna kisa cha kale katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri. Mchungaji mmoja wa Lydia aliokota pete iliyomwezesha kutoonekana. Akaitumia kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Swali linaloulizwa pale ni hili: kama hakuna anayekuona, kuna sababu gani ya kutenda haki? Fundi wa rangi anaivaa pete hiyo kila siku ya kazi. Kila tabaka analopaka linafunika lile lililo chini yake. Uaminifu wake haupigwi picha wala kuwekwa Instagram. Na wapo mafundi wengi wanaoziba ufa vizuri mahali ambapo kabati litasukumwa na hapatatazamwa tena. Hao wamelijibu swali la Plato bila kulisoma.

Tunachofanya na "bei ya mwisho" ni kuwaadhibu hao hao. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alisema mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, anakuwa radhi kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zuri anaona hapa hapamfai, anajitoa, na sokoni yanabaki mabovu. Weka fundi mahali pa gari. Aliyetaja bei kamili, pamoja na andakoti na siku za kukausha, anaonekana mwizi kando ya yule atakayeiruka. Tukimkimbia yeye kila mara, ama ataacha kazi, ama atajifunza kulipua. Halafu tunalalamika kwamba mafundi wazuri wameisha.

Utaniambia kupatana bei ni mila yetu, na fundi mwenyewe hupandisha akijua utashusha. Kweli, mwamba ngoma huvutia kwake. Wengine huongeza hata asilimia yao kwa mwenye hadiwea. Lakini kupatana bei ya embe ni tofauti. Embe unalishika, unalinusa, na likiwa bovu unaliona mnapopatana. Kazi ya ukuta inanunuliwa kabla haijakuwepo, na sehemu yake kubwa haitaonekana kamwe. Ukimsukuma mtu hadi chini ya gharama, huku ukitaka akuahidi kazi ile ile, umemwomba uongo. Yeye ndiye atakayeusema, na kosa la kuusema ni lake. Ila wewe ndiye uliyeuagiza.

Utaniambia tena: mimi sina pesa. Nimehamia keja ya kwanza, nimelipa kodi na amana, nimebaki na za nauli. Hapo ndipo naona haki iko wazi kabisa. Kukosa pesa kunakupa ruhusa ya kutaka kazi ndogo. Hakukupi ruhusa ya kutaka kazi kubwa kwa bei ndogo. Sema: "Fundi, niko na hizi tu. Zinatosha nini?" Atakuambia zinatosha ukuta mmoja wa sebule, au kuziba nyufa sasa na rangi mwezi ujao. Hakuna aliyedanganywa. Mkono naye atakula.

Tusisahau pia kwamba mteja ana pete yake. Kazi ikiisha, ukuta hauwezi kubanduliwa ukarudishwa dukani. Kilichobaki ni neno lako: "Nitakutumia jioni." Jioni inafika, fundi anapiga simu, mteja hapatikani. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ujira wa kibarua wa kutwa unadaiwa siku inapoisha, na Torati ilishaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua. Lakini fundi uliyempa kazi nzima kwa mapatano ya mdomo ana nini cha kupeleka mahakamani, na nauli ya nani? Katika saa hiyo, hakuna anayekuona wewe.

Basi badala ya "bei ya mwisho", tuulize "hii bei ina nini ndani?" Mwambie akuhesabie: skimu mara ngapi, andakoti ipo, kukausha siku ngapi, mkono analipwa ngapi. Muandike hata kwenye WhatsApp. Nenda ukague kabla kila tabaka halijafunikwa, na ulipe kila hatua inapoisha. Ni maswali ya kawaida, na fundi mwenye kazi yake huyafurahia, kwa sababu hatimaye mtu anataka kujua anachokifanya.

Ukishalipa bei hiyo yote, kwa wakati, kinachobaki chini ya rangi ni chake peke yake. Hapo sasa, ikibanduka, unaweza kumwita mwongo.