Nani Mwenyeji wa Kinondoni?

Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta watu 356,286 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Ongezeko hili halikutokana na uzazi peke yake. Manzese na Mwananyamala, ambako Wazaramo walilima kabla ya mji kuwafikia, zilipokea wana wa kila mkoa. Mwaka 1983 Serikali iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi, ikawapeleka vijijini walioonekana hawana kazi. Wengi wao walirejea mjini.

Kurejea kwao kwatuachia swali: mtu ni wa wapi? Wako waliokaa Kinondoni miaka thelathini, na wakiulizwa kwao hutaja kijiji cha babu. Hilo si kosa, maana asili haikanwi. Kosa ni kuifanya asili udhuru wa kutozibua mtaro, kutohudhuria mkutano wa mtaa na kutomzika jirani. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuagiza afukuzwe, waliagiza apewe wajibu. Aliyetangulia ana heshima yake, lakini uenyeji hutimia kwa yule anayelishika jembe.