Msaada na Ujira: Je, Ni Vibaya Kumlipa Mbebaji?

Kwetu Goma, msiba ukiingia kwa mtu, jirani haulizi atalipwa nini. Analeta makala, maji na unga. Ni desturi njema. Ndiyo maana wengi wetu tunakasirika tukisikia mwenye lori alilipwa ili apeleke chakula cha watu waliofikwa na maafa. Tunasema: huyu anatajirika kwa kilio cha wengine.

Lakini tuangalie vizuri. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na siku chache baadaye watu wengi sana wakakimbilia Sake, Rubavu na Bukavu. Januari 2025 vita viliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa. Unga unaweza kujaa depo, lakini bila mtu wa kuubeba haumfikii mwenye njaa.

Na mbebaji naye ana tumbo. Mwenye chukudu akisukuma magunia bure siku 3 juu ya mawe ya lava, siku ya 4 watoto wake nao watapanga mstari wa kuomba unga. Na mwenye lori, mazutu atanunua na nini?

Basi swali si kama alipwe. Swali ni bei ipangwe lini. Anayepandisha bei siku ya maafa anauza hofu ya jirani yake. Huo si ujira, ni unyang'anyi. Likelemba yetu inatufundisha: watu hupatana mapema, na kila mmoja anajua atatoa nini na zamu yake ni lini. Hata kampuni kubwa zimeona hivyo. Mwaka 2005 DHL ilipatana na Umoja wa Mataifa kusaidia bure kupanga mizigo ya msaada kwenye viwanja vya ndege. Mapatano yanakuwapo kabla maafa hayajafika.

Kwa nini wenye malori, boti, depo na chukudu wa hapa wasikae na wakubwa wa mitaa wakati wa utulivu, wakaandika bei mbele ya mashahidi? Siku ya kwanza iwe zawadi yao, kama yale makala ya jirani. Siku zinazofuata walipwe gharama na ujira wa haki, ili waweze kurudi tena kesho.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tupatane sasa, mlima ukiwa umenyamaza.