Mkate wa Eliya na Shauri la Yethro

Mwanafunzi wa udaktari hukutana na kifo mapema kuliko wengi wetu. Mwanzoni hupasua maiti ili ajifunze viungo vya mwili. Baadaye husimama wodini usiku, kando ya mgonjwa ambaye hakuna tena la kumfanyia. Asubuhi anangojewa na mtihani. Si ajabu kwamba wengi huelemewa na msongo wa mawazo kabla hata ya kuitwa madaktari.

Mwaka 1979, katika chuo cha tiba huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu: kuketi kimya, kuifuata pumzi, kuyatazama mawazo yakija na kupita bila kuyafukuza. Baadaye mafunzo ya namna hiyo yakapelekwa kwa wanafunzi wa udaktari. Nchini Norway, watafiti waliwagawa kwa kura wanafunzi 288 wa udaktari na saikolojia wa Oslo na Tromsø. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliofundishwa walipata nafuu, hasa wanafunzi wa kike.

Sisi Wakristo huuliza kwanza: je, ni halali? Kabat-Zinn hakuficha kwamba alijifunza kwa walimu wa Kibudha. Wasiwasi huu unastahili jibu, si dhihaka. Lakini kuifuata pumzi si kuiabudu. Pumzi hiyo ni ya Mungu aliyempulizia Adamu puani. Aaminiye na ajue anatulia mbele ya nani. Kutulia kwenyewe si mali ya dini moja. Tumkumbuke Eliya, aliyechoka hata akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumkemea kwamba imani yake ni haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baadaye.

Swali la pili ni gumu zaidi: mzigo huu umewekwa na nani? Kuna hatari ya kumfundisha mtu kupumua vizuri chini ya gunia ambalo hakupaswa kulibeba peke yake. Akianguka, ataambiwa hakufanya mazoezi ya kutosha, na lawama itamwangukia aliyechoka. Kosa hilo tunalijua, maana nasi humwambia mwenye huzuni aombe zaidi, kisha tukaenda zetu. Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, hakumfundisha uvumilivu. Alimwambia wazi kwamba kazi hiyo inamzidi, achague wengine wa kuichukua pamoja naye.

Je, basi mafunzo ya utulivu hayana maana? La. Hata ratiba ikiwa ya haki, mgonjwa bado atakufa mikononi mwa kijana huyu, na moyo wake utahitaji mahali pa kutua. Asipopapata, huenda akajifunza kutohisi kitu, na mgonjwa atakayekuja kesho atakutana na daktari mwenye mikono hodari na macho yasiyomwona. Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili, mkate wa Eliya na shauri la Yethro. Anayetoa kimoja ili asidaiwe kingine hajapenda bado.

Nasi tujipime. Kijana wetu anapopata nafasi chuoni, tunamchangia ada, tunamsimamisha mbele ya usharika na kumwita daktari wetu. Tunafanya vema. Lakini arudipo likizo twamwuliza matokeo tu, naye anaogopa kusema kwamba halali usiku, maana amekwisha kuwa fahari yetu. Hapo sisi nasi tumeongeza jiwe katika gunia. Safari ijayo tumwulize kwanza kama amekula na kama amelala. Kisha tunyamaze kwa muda wa kutosha ili ajibu kweli.