Usimwombe Manusura Faraja

Mtu akimaliza kusoma kitabu cha manusura wa Holokosti, swali la kwanza analoulizwa ni: "Sasa funzo ni gani?" Si ajabu. Tangu shule ya msingi, kila hadithi tuliyosoma ilifuatwa na maswali, na la mwisho lilikuwa lilelile: umejifunza nini? Basi tunafungua kitabu cha mtu aliyetoka Auschwitz, tunalia kidogo, kisha tunanyoosha mkono tupewe funzo letu twende zetu. Likiwa na matumaini ndani yake, bora zaidi.

Nimesoma vitabu hivi kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo swali hilo linavyozidi kunikera. Wanazi na washirika wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Kwani nani alisema watu hao walikufa ili mimi nipate funzo? Na yule mmoja aliyetoka hai, tuna haki gani ya kumdai faraja?

Chukua Anne Frank, maana wengi wetu tulianza na yeye. Maneno yake yanayosambazwa zaidi mitandaoni, mara nyingi juu ya picha ya jua linalozama, ni yale ya kwamba bado anaamini watu wana wema moyoni. Aliyaandika kweli, Julai 1944. Lakini hebu tazama tarehe. Wakati huo alikuwa bado mafichoni Amsterdam. Walikamatwa tarehe 4 Agosti, wiki tatu hivi baadaye. Akapelekwa Auschwitz, kisha Bergen-Belsen, na huko akafa mapema 1945 akiwa na miaka 15. Shajara yake inaishia kabla ya kambi. Kama mawazo yake yalibadilika huko, hakuna aliyempa karatasi ayaandike. Sisi ndio tuliochukua maneno ya msichana ambaye hajaona kambi, tukayafanya kuwa kauli yake kuhusu kambi. Tuliyapenda kwa sababu yanatuliwaza.

Walioziona kambi na kuandika baadaye hawatuliwazi kirahisi hivyo. Primo Levi, mkemia kijana kutoka Turin, alifikishwa Auschwitz Februari 1944 kwa treni iliyobeba watu 650. Anahesabu bila kupaaza sauti: wanaume 96 na wanawake 29 waliingizwa kambini kufanya kazi. Wengine wote, zaidi ya 500, watoto na wazee wakiwemo, hawakumaliza siku mbili.

Kwa nini yeye alipona? Tungependa aseme ni imani, au ujasiri, au roho isiyokata tamaa. Yeye anataja vitu vidogovidogo. Alifika wakati Wajerumani walikuwa na upungufu wa vibarua. Alijua Kijerumani kidogo. Alijua kemia, akapata kazi ya maabara ndani ya jengo wakati wa baridi kali. Mwashi mmoja Mwitaliano, ambaye hakuwa mfungwa, alimletea chakula kwa miezi sita. Na Januari 1945 aliugua, akaachwa katika zahanati ya kambi wakati maelfu ya wenzake walipoondolewa kwa miguu kwenye theluji. Wengi wao walikufa njiani. Kumbe ugonjwa ndio uliomwokoa.

Baada ya vita, rafiki mmoja mcha Mungu alimwambia kwamba hakupona kwa bahati tu. Aliokolewa kwa kusudi, pengine ili aandike. Hapa kwetu huyo rafiki angepigiwa makofi. Si ndivyo tunavyosema matangani, kazi ya Mungu haina makosa? Lakini Levi aliliona wazo hilo kuwa la kutisha, na mimi nadhani alikuwa sawa. Ukisema mmoja aliokolewa kwa kusudi, umewaambia nini wale 500? Kwamba hawakuwa na kusudi? Katika kitabu chake cha 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, anasisitiza kwamba waliopona hawakuwa lazima walio bora, na kwamba shahidi kamili ni yule aliyezama hadi chini, na huyo hakurudi.

Ruth Klüger, aliyezaliwa Vienna mwaka 1931, ana makali zaidi. Alipona Auschwitz kwa sababu mfungwa mwenzake, mwanamke aliyekuwa karani, alimnong'oneza aseme ana miaka 15. Alikuwa na 12. Akadanganya, akaishi. Alipozeeka hakuwa na subira na watu waliotarajia kwamba aliyepitia kambi atakuwa ametoka na hekima au upole. Kambi haikuwa shule, ndiyo hoja yake.

Utaniambia: lakini binadamu anahitaji tumaini, na huyo mwashi je? Ni kweli, wema ulikuwepo. Aliitwa Lorenzo Perrone, na Levi aliwapa watoto wake wawili majina yanayotokana na lake. Ila usikate stori hapo inapopendeza. Lorenzo alirudi nyumbani akiwa amechoshwa na aliyoyaona, akazama kwenye pombe, akafa 1952. Levi alijaribu kumsaidia, ikashindikana. Aliyeokoa hakuokoka. Ukitaka kumheshimu Lorenzo, lazima ukubali sehemu zote mbili.

Basi tusome kwa nini? Levi anasimulia ndoto iliyowajia wafungwa wengi: umerudi nyumbani, unawaeleza wapendwa wako yaliyokupata, nao hawasikilizi. Nusura ndoto itimie. Kitabu chake cha kwanza kilikataliwa na mchapishaji mkubwa. 1947 kampuni ndogo ikachapisha nakala 2,500, na hata hizo hazikuisha. Kilichapishwa upya 1958, ndipo watu wakaanza kumsikiliza.

Kwa hivyo sidhani manusura anatudai machozi, wala hatudai tutoke tukiwa watu wema zaidi. Anatudai masikio. Na kuna njia mbili za kumnyima. Ya kwanza ni kuinuka na kuondoka, kama katika ile ndoto. Ya pili ni kubaki umekaa, unaitikia kwa kichwa, huku unachambua yale unayoyataka tu. Hii ya pili ndiyo yetu sisi wasomaji, na ni mbaya kwa sababu inafanana na kusikiliza.

Mtu akikuuliza funzo la kitabu hiki ni nini, mpe kitabu chenyewe. Mwambie asome na ule ukurasa wa treni, polepole, na akifika kwenye ile hesabu asikimbilie ukurasa unaofuata. Watu zaidi ya 500, na yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye aliyeandika.