Sitara ni ya Nani?

Miongoni mwa maneno tuliyoyatukuza watu wa pwani, sitara ina daraja yake. Nguo ni sitara, mlango ni sitara, na ndoa nayo twaiita sitara. Ndiyo maana mwanamke aliyepigwa na mumewe akiandika habari yake mtandaoni, ikasomwa na maelfu, wengi husema kwamba ameivua nguo nyumba yake. Kabla ya kumlaumu yafaa tujiulize: sitara hiyo ilikuwa ikimsitiri nani?

Mlango ukifungwa, mpigaji hupiga; ukifunguliwa, hutoka na kanzu safi, akapokewa barazani kwa heshima. Aliyepigwa hubaki ndani na uvimbe wake, akiambiwa avumilie kwa kuwa kila nyumba ina yake. Hapo kilichositiriwa ni jina la mume. Mwili wa mke umeachwa wazi kwa kila kofi. Sitara ya namna hiyo imekwisha kuwa ngao ya dhulma. Aibu imo katika kitendo, haimo katika kukitaja.

Sheria nazo hazikukosekana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, yatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kipigo. Kenya nayo ilitunga sheria ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani mwaka 2015. Lakini sheria haipigi hodi yenyewe, hungoja kuitwa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Basi kata ikinena, ni nani mwingine wa kuulizwa?

Na kata zikinena pamoja, husikika mbali. Mwezi Mei 2015 waandishi wa habari wanawake wa Argentina, kwa uchungu wa msichana wa miaka 14 aliyeuawa, waliitana mtandaoni kwa maneno Ni Una Menos, yaani asipungue hata mmoja. Tarehe 3 Juni umati ulifurika mbele ya Bunge mjini Buenos Aires, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaanza kuweka daftari la wanawake wanaouawa. Yaliyokuwa siri za nyumba yakawa hesabu ya taifa. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake wa Kenya nao waliitana vivyo hivyo, wakaandamana Nairobi, Mombasa na kwingineko.

Wala jambo hili si geni kwetu. Kabla ya simu, bibi zetu walikuwa na jina la kanga: neno lisilosemeka kinywani lilivaliwa, likapita mtaani, na aliyekusudiwa akalisoma.

Hata hivyo, uwazi una adabu zake. Mtandao hauna subira ya kadhi. Hutoa hukumu kabla ya ushahidi, na huzungusha picha za majeraha kana kwamba ni tamasha. Mwezi huohuo wa Januari 2024 walikuwapo walioacha kumuuliza muuaji, wakamuuliza marehemu alifuata nini. Huko ndiko kuvua nguo kwa hakika. Mwenye jeraha ana hiari ya kulionyesha au kulificha. Sisi tulioonyeshwa hatuna ruhusa ya kulitembeza zaidi ya alivyotaka.

Sitara, basi, ni mali ya aliyedhurika. Akinyamaza, tusimfichue, akisema, tumsikilize. Mkono unaopiga hauna fungu ndani yake.